Sura ya Nne: Sikukuu Zilizoachwa na Mwezi

Mwaka wa tano wa enzi ya Meiji, nchini Japani, ulikuwa na mwezi wa kumi na mbili wenye siku mbili tu. Usiku wa tarehe pili watu walilala, na walipoamka ilikuwa Januari mosi, 1873. Siku 23 kabla yake serikali ilikuwa imetangaza kwamba kalenda ya kale iliyofuata mwezi wa angani imefutwa, na tangu sasa nchi nzima itahesabu siku kwa jua, kama walivyohesabu Wazungu.

Sababu iliyotolewa hadharani ilikuwa maendeleo. Nchi iliyotaka reli, meli na mikataba na mataifa makubwa isingeweza kuishi na tarehe yake peke yake. Sababu ya pili aliisimulia baadaye Okuma Shigenobu, mmoja wa viongozi walioachiwa serikali wakati wakubwa wenzake wamesafiri Marekani na Ulaya katika ujumbe wa Iwakura. Hazina ilikuwa hoi. Watumishi wa serikali walikuwa wameanza kulipwa kwa mwezi, na kwa hesabu ya kale mwaka uliokuwa mlangoni ulikuwa na miezi 13. Kuhamia kalenda ya jua kulimaanisha mshahara wa mwezi mmoja hautoki. Na ule mwezi uliobakiziwa siku mbili, nani angelipa mshahara mzima kwa kazi ya siku mbili? Kwa hiyo serikali iliokoa mishahara ya miezi miwili kwa kalamu moja. Hotuba za maendeleo ni nzuri kusoma, lakini mimi naiamini zaidi sababu hii ya mshahara.

Wafanyabiashara ndio walioumia. Japani ya siku zile ilinunua kwa mkopo na kulipa mwisho wa mwaka. Siku ya mwisho wadai walizunguka nyumba hadi nyumba, na wadaiwa walitunga kila hila ya kuwakwepa. Mwandishi Ihara Saikaku alikwisha kuandika kitabu kizima mwaka 1692 ambacho visa vyake vyote hutokea siku hiyo moja. Sasa siku hiyo ilifika karibu mwezi mzima kabla ya wakati wake. Wachapaji wa kalenda, waliokuwa wamekwisha kuchapa za mwaka mpya, walibaki na marundo ya karatasi isiyo na mnunuzi. Msomi Fukuzawa Yukichi, ambaye sura yake ilikuja kukaa kwenye noti ya yeni 10,000 tangu 1984 hadi 2024, aliandika harakaharaka kijitabu cha kuielezea kalenda mpya, na humo aliwahesabu wanaoitilia shaka kuwa wajinga wasio na elimu. Kijitabu kiliuzwa sana. Lakini wajinga hao walikuwa na hoja, na hoja yao ndiyo inayoeleza kwa nini hadi leo sikukuu za Wajapani zimetapakaa kwenye mwaka kama ushanga uliokatika uzi.

Msomaji aliyezoea kusubiri mwezi wa Idd anaijua nusu ya kalenda ile ya kale. Kila mwezi ulianza siku ambayo mwezi wa angani haupo, na tarehe 15 ilikuwa ya mwezi mpevu au karibu yake. Miezi 12 ya namna hiyo hufanya siku 354 hivi, pungufu ya siku 11 kwa mwaka wa jua. Kalenda ya Kiislamu huuacha upungufu huo uende zake, ndiyo maana Ramadhani huzunguka misimu yote katika muda wa miaka 33 hivi. Wajapani, ambao hesabu yao waliipata kwa Wachina, hawakuuacha, maana walilima mpunga kwa kalenda hiyohiyo. Kila baada ya miaka miwili au mitatu waliongeza mwezi wa 13, mara saba katika miaka 19, ili mwanzo wa mwaka usitoroke mbali na majira ya kuchipua. Tarehe moja, basi, ilibeba habari mbili: umbo la mwezi angani na hali ya shamba. Ukitaja tarehe 15 ya mwezi wa saba, kila mtu alijua kwamba usiku kutakuwa na mbalamwezi na kwamba joto kali linaelekea kuvunjika. Amri ya 1872 iliacha namba ikaondoa hayo mengine yote.

Mwaka Mpya ulikubali kuhama, na ulihama mzima. Nyumba husafishwa hadi darini. Mlangoni huwekwa mapambo ya misonobari na mianzi, na ndani huwekwa mochi, mabonge mawili ya mchele wa kunata uliopondwa, dogo juu ya kubwa. Usiku wa mwisho watu hula tambi za soba, huku mahekalu ya Kibudha yakipiga kengele mara 108, idadi ya tamaa zinazomsumbua binadamu. Asubuhi watoto hupewa fedha ndani ya bahasha ndogo, na watu wazima huelekea hekaluni kwa ziara ya kwanza ya mwaka. Hekalu la Meiji mjini Tokyo hupokea watu kama milioni tatu katika siku tatu za mwanzo. Lilijengwa mwaka 1920 kumuenzi Mfalme yuleyule ambaye amri ya kalenda ilitolewa kwa jina lake, na desturi ya kusafiri mbali kwa ziara hiyo ilikuzwa sana na kampuni za reli zilizotafuta abiria wa Januari. Kila mwaka, pia, kikosi cha zimamoto cha Tokyo huwaonya wazee wakate mochi vipande vidogo, kwa kuwa hukwama kooni na kuua.

Kilichopotea ni majira. Mwaka Mpya wa kale uliangukia kati ya mwishoni mwa Januari na katikati ya Februari, wakati mti wa plamu unapoanza kutoa maua hata kama baridi bado ipo. Kadi za salamu zinazotumwa leo bado humkaribisha mpokeaji kwenye majira ya kuchipua, na humfikia tarehe mosi Januari theluji ikiwa inaanza tu kuanguka.

Vijijini walikuwa na sherehe nyingine ya mwaka, ya tarehe 15 ya mwezi wa kwanza, mwezi mpevu wa kwanza. Hiyo ndiyo ilikuwa ya wakulima hasa, ya kuombea mavuno na kuchoma mapambo ya mwaka mpya katika moto mkubwa. Kwenye rasi ya Oga, mkoani Akita, usiku huo walitokea Namahage: vijana waliovaa vinyago vya kutisha na makoti ya majani makavu ya mpunga, wakaingia nyumba kwa nyumba na visu vya mbao wakiuliza kama kuna mtoto mvivu au mkwe asiyeamka mapema. Leo Namahage huja Desemba 31. Walihamishwa kutoka mbalamwezi yao hadi mkesha wa serikali, na UNESCO ilipowatambua mwaka 2018 pamoja na wageni wengine wa aina yao, waliingizwa kwenye orodha wakiwa tayari ni watu wa Desemba.

Tarehe 15 Januari ilibaki kwenye kalenda kwa njia nyingine. Sheria ya sikukuu ya 1948 iliifanya kuwa Siku ya Utu Uzima, ambapo vijana waliotimiza miaka 20 huvaa kimono na kukusanyika kwenye ukumbi wa manispaa kusikiliza hotuba ambazo wengi wao hawazisikilizi. Tangu 2000 siku hiyo imekuwa Jumatatu ya pili ya Januari, ili watu wapate mapumziko ya siku tatu mfululizo. Mwaka 2022 umri wa utu uzima kisheria ulishushwa hadi 18, lakini manispaa nyingi zimeendelea kuwaita wa miaka 20, maana wa miaka 18 wako kwenye mitihani.

Serikali yenyewe ilipata somo mapema. Ilikuwa imebuni sikukuu mpya ya kuadhimisha kutawazwa kwa Jimmu, mfalme wa kwanza katika masimulizi ya kale, na kwa hesabu yake siku hiyo ikaangukia Januari 29, 1873. Ilikuwa ndiyo siku ya Mwaka Mpya wa kale. Watu walisherehekea kwa furaha kubwa, wakidhani serikali imewarudishia mwaka wao. Mwaka uliofuata sikukuu ilisogezwa hadi Februari 11, na hapo ndipo ilipo mpaka sasa.

Sikukuu iliyokataa ni Obon, na ilikataa kwa sababu ilihusu wafu.

Kisa chake kilikuja na dini ya Kibudha. Mokuren, mwanafunzi wa Budha, alimwona mama yake marehemu katika ulimwengu wa mizimu yenye njaa. Alimpelekea chakula, na kila tonge liligeuka moto kabla ya kufika kinywani. Budha alimwambia awalishe watawa siku ya 15 ya mwezi wa saba, siku ambayo wanamaliza mafungo yao, na kwa thawabu hiyo mama akaokolewa. Juu ya kisa hicho Wajapani walijenga kitu chao wenyewe: imani kwamba siku hizo wazee wa ukoo hurudi nyumbani. Hawarudi kama mizuka ya kuogofya. Wanakuja kama wageni, na mgeni huandaliwa.

Kwanza kaburi husafishwa. Jioni ya tarehe 13 moto mdogo wa mabua huwashwa mlangoni ili wanaokuja waione nyumba. Mbele ya madhabahu ya nyumbani huwekwa matunda, wali, chai na maua, na pembeni yake wanyama wawili wa kuchekesha: tango lililochomekwa vijiti vinne na biringanya lililochomekwa vijiti vinne. Tango ni farasi, wa kuwaleta wazee upesi. Biringanya ni ng'ombe, wa kuwarudisha polepole, na mzigo wa zawadi mgongoni. Sijui dini yoyote iliyoeleza jambo hili kwa mboga mbili vizuri kuliko hapa. Mtawa hupita kusoma sutra, akiwa na ratiba ndefu ya nyumba za kuzuru kiasi kwamba siku hizi wengine huzunguka kwa pikipiki. Nyumba iliyofiwa ndani ya mwaka hufanya Obon yake ya kwanza kwa uzito zaidi, na mara nyingi huning'iniza taa nyeupe. Tarehe 16 moto huwashwa tena, wa kuaga.

Kyoto huaga kwa ukubwa wake. Saa mbili usiku ya Agosti 16 mioto mitano huwashwa kwenye milima inayouzunguka mji, mmoja baada ya mwingine. Mitatu ni herufi, mmoja una umbo la mashua na mmoja la lango la hekalu. Miji mingine huachia taa za karatasi zielee mtoni. Na kila mahali kuna ngoma, ambayo ndiyo moyo wa jambo: jukwaa la mbao katikati ya uwanja, mpiga ngoma juu yake, na watu wa kila umri wakizunguka kwa hatua zilezile hadi wachoke. Gujo Hachiman, mkoani Gifu, huzicheza usiku kucha kwa siku nne, kuanzia Agosti 13, na mgeni haangalii tu, anaingia mduarani. Mwaka 2022 UNESCO iliziorodhesha ngoma hizo pamoja na nyingine kadhaa za asili yake.

Ngoma ya usiku inahitaji mwanga, na tarehe 15 ya kale iliuleta bila gharama. Kalenda mpya ilipowaambia watu wafanye Obon Julai 15, mambo mawili yaliwakwaza. Mwezi wa angani ungeweza kuwa wa umbo lolote, au usiwepo. Na katikati ya Julai masika ya Japani kwa kawaida hayajaisha, mpunga ulidai palizi na viwavi wa hariri walidai majani. Mkulima hawezi kumkaribisha babu yake na mikono ya matope. Tokyo, mji wa maofisa, ilitii ikafanya Julai, na watu wake wengi hufanya hivyo hadi leo. Sehemu kubwa ya nchi ilisogeza kila kitu mwezi mmoja mbele, Agosti 13 hadi 16. Haikuwa tarehe ya serikali wala haikuwa ya mwezi, lakini kazi ya shamba ilikuwa imepungua, na hilo lilitosha. Okinawa haikusogeza chochote. Huko Obon hufuata mwezi wa angani kama zamani, siku tatu za ngoma ya Eisa chini ya mwezi unaopevuka, na kila mwaka tarehe hubadilika.

Jambo moja hushangaza wageni: Obon si sikukuu ya kisheria. Hakuna siku hata moja ya mapumziko katikati ya Agosti ambayo serikali imeitoa kwa ajili ya wafu. Hata hivyo viwanda hufunga, tiketi za treni huisha, na foleni za magari kwenye barabara kuu hutangazwa na vyombo vya habari kama hali ya hewa. Agosti 15 ina uzito mwingine pia, kwa kuwa siku hiyo mwaka 1945 Mfalme alitangaza redioni kushindwa vita. Katika familia nyingi sala ya wazee wa ukoo na ya waliokufa vitani ni moja.

Tanabata, sikukuu ya nyota, haikuwa na bahati hiyo. Ni ya tarehe 7 ya mwezi wa saba, usiku pekee ambao mfumaji Orihime na mchunga ng'ombe Hikoboshi, yaani nyota Vega na Altair, huruhusiwa kuvuka mto wa nyota ulio kati yao. Watoto huandika maombi kwenye vipande vya karatasi za rangi na kuvifunga kwenye matawi ya mwanzi. Katika kalenda ya kale usiku huo ulikuja kwa kawaida mwezi Agosti, mbingu ikiwa safi, na mwezi nusu ambao hutua karibu na usiku wa manane ukiziachia nyota uwanja. Julai 7 ya sasa iko katikati ya mvua, na miaka mingi wapenzi hao hukutana nyuma ya mawingu. Mji wa Sendai ulihamishia sherehe yake Agosti 6 hadi 8. Tangu 2001 taasisi ya taifa ya elimu ya nyota hutangaza kila mwaka tarehe ya Tanabata ya kale na kuwasihi watu wazime taa watazame juu. Inafurahisha kuona wanasayansi ndio wanaodai kalenda iliyofutwa kwa jina la sayansi.

Siku ya wasichana, Machi 3, husherehekewa kwa wanasesere wa kifalme waliopangwa kwenye ngazi zenye kitambaa chekundu, na kwa maua ya mpichi, ambayo kwa kalenda ya jua bado hayajafunguka. Wauza maua huyaharakisha ndani ya nyumba zenye joto. Takayama husubiri hadi Aprili 3. Mochigase, mkoani Tottori, hufuata tarehe ya mwezi, na huko wasichana bado huwaweka wanasesere wa karatasi kwenye visahani vya majani makavu na kuwaachia mtoni waondoke na mikosi ya mwaka. Hiyo ndiyo sura ya zamani zaidi ya sikukuu hii, kabla wanasesere hawajawa ghali mno kutupwa. Siku ya wavulana, Mei 5, sasa ni ya watoto wote kisheria, na ndiyo pekee iliyofaidika: zamani iliangukia kwenye mvua, leo bendera za samaki aina ya koi hupepea katika mwezi mzuri kuliko yote.

Kuna siku moja ambayo amri haikuweza kuigusa. Usiku wa 15 wa mwezi wa nane wa kale watu hukaa kuutazama mwezi wa vuli, wakiwa na vitumbua vya mchele vilivyopangwa kama piramidi na majani marefu ya susuki kwenye chombo. Huwezi kuutazama mwezi mpevu tarehe ambayo haupo. Kwa hiyo kila mwaka siku hiyo hupangwa upya, Septemba au mapema Oktoba, na hata McDonald's ya Japani imekuwa ikiuza baga ya mwezi, yenye yai badala ya mwezi, tangu 1991.

Na kuna watu ambao haikuwagusa. Itoman, kusini mwa Okinawa, ni mji wa wavuvi, na Mwaka Mpya wa huko ni wa mwezi hadi sasa. Siku hiyo mashua zote bandarini hupandisha bendera za rangi za kuombea samaki. Mvuvi yeyote wa mwambao wetu angewaelewa bila mkalimani. Anayeishi kwa bamvua na maji mafu hawezi kufuata kalenda isiyojua bahari iko wapi leo.

Wote hao, wavuvi wa Itoman, wacheza Eisa, watazama mwezi, wanategemea hesabu ambayo haina mwenyewe. Kanuni za kalenda ya mwisho ya kale, iliyoanza kutumika 1844, zimefanya kazi bila tatizo mpaka sasa. Mwaka 2033 zitagongana kwa mara ya kwanza. Kati ya mwezi ambao lazima uwe wa nane na ule ambao lazima uwe wa kumi na moja patakuwa na mwezi mmoja tu wa katikati, ilhali inahitajika miwili, na haitajulikana mwezi wa nyongeza uwekwe wapi. Zamani mnajimu wa serikali angeamua. Leo hakuna ofisi ya umma yenye mamlaka hayo, kwa kuwa kisheria kalenda hiyo haipo. Mwaka 2015 chama cha wadau wa kalenda kilipendekeza mwezi huo uwekwe baada ya wa kumi na moja. Pendekezo hilo likifuatwa, mwezi wa vuli wa 2033 utatazamwa Septemba 8. Lisipofuatwa, unaweza kuwa Oktoba 7.